Mbwa, paka, kuku, bata na sungura ndani ya uzio mmoja: raha na kero zake (Mwanza na kanda ya ziwa karibuni)

Mleta uzi, Buswelu

Wakuu, mwangaluka.

Humu ndani haupiti mwezi bila uzi wa "nina mbwa, naweza kuongeza paka?" Wachangiaji wanajibu "weka tu mkuu, watazoeana". Mtu anaweka. Baada ya muda unamwona karudi: "Natoa paka bure, anayemtaka aje na usafiri wake." Nimechoka kujibu vipande vipande, leo naandika kwa urefu, wenye uzoefu mtajazia.

Kwetu Buswelu tupo chini ya mawe, kama nusu ya Mwanza nzima. Ndani ya uzio kuna mbwa wawili wa kienyeji, paka watatu, kuku, bata, sungura wa watoto, na njiwa juu ya paa. Hao njiwa sikuwanunua. Walihama wenyewe kutoka kwa jirani. Nilitaka kuwafukuza maana wanachafua maji ya mvua yanayoingia kwenye simtanki, baba watoto akagoma. Wazee wanasema njiwa hawakai kwenye nyumba ya ugomvi, kwa hiyo kwake yeye tumepewa cheti. Tangu hapo tukitaka kuzozana tunashusha sauti.

Nianze na kile ambacho wengi wanadhani ndiyo kero kubwa, yaani chakula. Kwa mtu anayekaa mwambao wa ziwa, chakula si kero. Sangara akishatolewa minofu kiwandani yanabaki mapanki. Nachemsha mapanki mpaka mifupa inalainika, naiponda na mwiko humohumo kwenye sufuria, natia unga wa dona, unatoka ugali laini wenye harufu ambayo majirani wanaijua. Mbwa wanaula mpaka wanasukuma sufuria uani kwa pua. Paka wao ni dagaa. Wale waliokaushwa mchangani ni rahisi, na ndio wengi wao wanaoishia kwenye chakula cha kuku, ila wanakuja na mchanga wao. Ukimpa paka hivyohivyo atanusa, atakuangalia, ataondoka. Wapepete kwenye ungo, waoshe maji mawili, waanike tena kidogo. Waliokaushwa kwenye chanja ni wa kwetu sisi binadamu, japo paka wangu mmoja hakubaliani na huo mgawanyo.

Halafu kuna suala la mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haina maana, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Mwenye paka hapa Mwanza itabidi aujue mwezi umefika wapi. Mimi wakati wa giza nanunua wa kutosha, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo naitundika darini. Mwanzo ilikuwa inakaa chini, na usiku mmoja ikafunguliwa. Paka ndiye aliyetoa mfuniko (alama za kucha zilikuwepo), mbwa wakamaliza kilichobaki. Mchana hawaangaliani, usiku walishirikiana vizuri tu.

Kwa hiyo msosi upo. Kazi ipo kwenye AMANI. Mnyama mpya haongezi mdomo mmoja tu, anavuruga mpangilio wa waliomtangulia, wa watu wa ndani, na wa jirani ambaye hakuulizwa. Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba swali si "niwe na wangapi", swali ni nani atangulie na nani afuate.

Paka atangulie. Mbwa aje akiwa mdogo kabisa, awakute paka na bata wana umri na mamlaka yao. Mbwa wetu waliletwa wakiwa wa kubebwa mkononi, wakachapwa makofi ya pua na paka mkubwa, kisha bata dume akawamalizia kwa mabawa. Mpaka leo kuna mbwa hapa, mtu akigusa geti usiku mtaa mzima unajua, lakini akikutana na yule bata kwenye kichochoro cha nyuma ya jiko anageuza kichwa kana kwamba kuna kitu cha maana ameona kwenye ukuta, anasubiri bata apite. Sasa wewe chukua mbwa mzima aliyekulia mtaani, umlete kwenye uwanja wenye kuku. Kwake yeye umemwandalia karamu. Wapo wanaofundishika, sikatai, lakini itabidi kamba, subira, na kuku kadhaa ambao hutawaona tena.

Kero ya pili ni vifaranga. Paka wangu hawagusi vifaranga wa hapa, kwa sababu tetea wetu akiwa na wana hana adabu na mtu yeyote. Vifaranga wa jirani ni habari nyingine. Paka anajua mpaka wa kiwanja kuliko afisa ardhi. Jirani alikuja na manyoya mkononi kama ushahidi, nikamlipa tetea mzima mwenye kutaga, hatukufika kwa mjumbe. Nashauri mlipe haraka na mlipe zaidi ya kilicholiwa. Jirani uliyemlipa vizuri atakuita siku mbwa wako akiruka ukuta. Uliyebishana naye atamwekea sumu.

Pimbi nao siwasahau. Wanatoka kwenye mawe jioni, wanajipanga kwenye jabali la juu, wanatutazama. Mbwa wanabweka mpaka sauti inakauka, pimbi hawatikisiki.

Raha sasa. Nina mtoto ambaye mgeni akija anajificha nyuma ya mlango, haamkii mtu. Huyohuyo ukimsikiliza kwenye banda la sungura anatoa hotuba: nani kasukuma mwenzake, nani hakumaliza majani, mwalimu kasema nini. Nimejua mambo mengi ya shuleni kwao kwa kusimama nyuma ya lile banda. Sungura tulianza na wawili, muuzaji akiapa kwamba wote ni madume. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, kwa hiyo uongo wake haukukaa sana. Watoto wamewapa majina ya wanafunzi wenzao na hapo ndipo nyama ilipopotea, maana hakuna atakayeniruhusu nimchinje mtu anayekaa dawati la mbele. Baba watoto anawaangalia tu kwa jicho la kitoweo.

Na mahindi yetu hayajatobolewa gunia tangu paka waje. Paka mkubwa akisimama kwenye kona ya mawe amekakamaa, mkia umevimba, hakuna mtoto anayesogea mpaka mtu mzima aje na fimbo ndefu. Kwa sisi tunaoishi na nyoka wa kwenye majabali, hiyo ni kengele ya bure.

Haya, leteni za kwenu. Hata mnaochukia mbwa karibuni, ila tuheshimiane.

Mdau wa Kirumba

Uzi bila picha ni sawa na tetesi. Tunataka kumwona huyo bata dume.

Mleta uzi, Buswelu

Bata hapigwi picha mkuu. Aliyejaribu mara ya mwisho alikimbia akaacha ndala.

Mpangaji wa Mabatini

Sisi wapangaji tunaousoma huu uzi tumekaa paleee.

Nikuulize mleta uzi, umewahi kufuga kwenye nyumba ya wapangaji sita na uwanja mmoja? Hapa kwetu mwenye nyumba alishasema mbwa hapana, kuku hapana, paka "tutaona". Basi yupo paka mmoja, kila mlango una jina lake la kumwita, na anaitikia yote kwa sababu kila jina lina sahani. Sheria ya hapa ni moja: akikamata panya ni paka wetu sote, akiiba samaki ni paka wa mpangaji wa chumba cha mwisho, yaani mimi. Alipozaa ndani ya kabati la mtu nilitafutwa mpaka kazini.

Kuna mpangaji alihama kwenda Nyegezi akamchukua. Akamtia kwenye kiroba, akafunga kamba, akapanda naye bodaboda, eti asijue njia ya kurudi. Baada ya siku chache paka huyu hapa mlangoni, kakonda, miguu ina vumbi, anadai sahani zake. Mwenye kujua alivyovuka mji mzima aniambie.

Mtu wa mifugo, Ilemela

Mpangaji, kiroba kinaua. Joto la Mwanza saa saba mchana, ndani ya kiroba, juu ya pikipiki, paka anaweza kufia njiani. Chukua boksi, litoboe matundu pande zote, weka kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Mkifika mfungie ndani wiki mbili tatu, chakula na maji humohumo, kila siku saa zilezile. Ukimfungulia siku ya kwanza, anarudi kwenye sahani zake sita, na hapo simlaumu.

Mleta uzi umeandika vizuri, niongeze ya upande wetu maana wenye wanyama mchanganyiko huwa tunawapokea wakiwa wamechelewa.

La kwanza, paka si mbwa mdogo. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini. Mwili wa mbwa kwa kawaida unakitengeneza, wa paka hautengenezi kiasi cha kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki. Paka anayelishwa ugali mtupu wa mbwa kwa muda mrefu macho yanaanza kupofuka na moyo unachoka. Watu wanasema amerogwa. Hajarogwa, amenyimwa dagaa.

La pili linaniuma zaidi. Mtu ana mbwa wenye kupe, ananunua dawa ya mbwa, inabaki kidogo, anasema "isipotee, ngoja nimpake na paka". Dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina pemethrini. Mbwa anaivumilia, paka hana uwezo wa kuivunja mwilini. Anaanza kutetemeka, anatokwa na mate, anashikwa na degedege, na wengi wanakufa. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kudhurika, kwa hiyo watenge mpaka dawa ikauke vizuri. Na panadol msiwape paka kabisa, hata kama anaonekana ana homa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

La tatu, mgeni yeyote mwenye manyoya au mabawa akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Kuku wa zawadi kutoka kijijini ndiye anayeingiza ugonjwa wa mdondo. Unampokea Jumapili akiwa mchangamfu, wiki inayofuata banda zima limelala shingo zimepinda. Chanjo ya mdondo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na inastahimili joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inafika hadi visiwani. Inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Mwite afisa mifugo wa kata yako, au ungana na majirani mnunue chupa moja, maana dozi za chupa ni nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja.

Kichaa cha mbwa nitakiongelea tukifika huko, maana najua tutafika.

Mdau wa Igoma

Tumefika.

Nyie mnaongea raha, mimi naongea kama mtu aliyebeba mtoto anayetokwa damu. Mtaani kwetu kuna watu wanafuga mbwa mchana na kuwafungulia usiku "wakajitafutie". Mwanangu katumwa dukani saa moja jioni, kang'atwa mguuni. Nikaenda kwa mwenye mbwa. Jibu lake: "Huyo si wa kwangu, wangu ana alama nyeupe." Asubuhi yake nimepita namwona huyohuyo kalala kwenye baraza lake, alama nyeupe hana. Sindano nimelipia mimi, nauli mimi, kukosa kazini mimi. Usiku makelele, asubuhi vinyesi kwenye njia ya shule. Mkisema mna mbwa wawili, paka watatu, nani anaulizwa kama mtaa una nafasi?

Mleta uzi, Buswelu

Pole sana Igoma, na pole kwa mtoto. Hapo sina utetezi, wala sitaki kumtetea huyo mtu. Mbwa anayefunguliwa usiku akajitafutie huyo hafugwi, ametelekezwa kwa zamu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amlishe na amtunze. "Akajitafutie" haimo.

Ila kwenye kelele nitakubishia kidogo. Mbwa mmoja aliyefungwa kamba fupi mchana kutwa juani anabweka kuliko wawili waliozoea kuzunguka ndani ya uzio. Shida huwa kwenye ile kamba kuliko kwenye idadi.

Mdau wa Igoma

Na pimbi je? Umesema mwenyewe wanabweka mpaka sauti inakauka.

Mleta uzi, Buswelu

Umenikamata. Jioni nawaingiza uani kwa nyuma, wasiuone mlima. Inapunguza, haimalizi.

Mtu wa mifugo, Ilemela

Igoma, ulifanya sawa kwenda hospitali. Niandike wazi kwa wengine: mtu aking'atwa, au akilambwa kwenye kidonda, osha jeraha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Ni muda mrefu, mtoto atalia, endelea tu. Usipake mkaa, mafuta ya taa wala pilipili. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na umalize sindano zote ulizopangiwa hata kidonda kikipona. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kumrudisha. Karibu wagonjwa wote wa ugonjwa huu duniani waliambukizwa na mbwa, na unazuilika kwa chanjo. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka naye anachanjwa! Kwenye nyumba zenye mchanganyiko nakuta mbwa wana kadi, paka hawana, na paka ndiye anayelala na watoto.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Kipindi hicho mara nyingi kunakuwa na kampeni za chanjo, sikilizeni matangazo ya serikali ya mtaa.

Mdau wa Pasiansi

Mimi nimekuja kwa upande wa ujirani. Ni Muislamu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana mbwa watatu. Mwanzo tulikuwa hatusalimiani vizuri. Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Chombo akikilamba tunakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa wake mmoja alikuwa na tabia ya kuja kunywa kwenye ndoo yangu ya udhu iliyopo uani. Hebu fikiria alfajiri, giza, unataka kutawadha, unasikia mtu analamba maji.

Tulikaa, tukaongea. Akaziba tundu la ukuta, akaweka beseni la maji kwake, maana kumbe mbwa walikuwa na kiu tu. Mimi ndoo nikaiweka mfuniko. Sasa hivi nikisafiri kwenda Bukoba namwachia funguo, na hao mbwa wake wanalinda nyumba mbili. Mbwa wa ulinzi hatuna tatizo naye, tatizo letu ni mpaka. Ila paka wangu ndiye anayeenda kwake kulala juu ya mbwa mkubwa. Hilo nimemwachia Mungu.

Mama wa Nyegezi

Naomba kuuliza, mimi ni mjamzito na nina paka wawili. Mama mkwe anasema niwatoe, watamdhuru mtoto. Kweli?

Mtu wa mifugo, Ilemela

Mama hongera. Hofu yake ina mzizi ila huna haja ya kuwatoa. Kuna kimelea kwenye kinyesi cha paka, kinachukua siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na kiondolewe na mwingine, baba mtoto anatosha. Ukilima bustani vaa glavu, osha mboga vizuri. Na nyama iive kabisa, maana watu wengi wanakipata kwenye nyama isiyoiva kuliko kwa paka wao. Mwambie pia daktari wa kliniki kwamba una paka.

Mdau wa Ukerewe

Nyie wa mjini mna shida za ustaarabu. Huku kisiwani adui wa bata na kuku anatoka majini. Kenge. Anapanda kutoka ufukweni mchana kweupe, anaingia bandani, anameza mayai mazima mazima, akikuta vifaranga anachukua. Mbwa wangu mmoja alijitosa akala mkia wa kenge, alichapwa mpaka akalia kama mtoto. Siku hizi wanaenda wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, hakuna aliyewafundisha. Hapo ndipo faida ya kuwa na zaidi ya mmoja ilipo.

Wakati wa mvua kuna siafu. Kuku aliyeatamia haondoki kwenye mayai, siafu wanamla akiwa hai. Majivu kuzunguka banda, na usiku toka na tochi. Mbwa wakianza kurukaruka na kujing'ata miguu ujue tayari wamefika.

Na jamani, watoto wasiende kuosha mbwa ziwani. Naona wanafanya sana Jumamosi. Mbwa anatoka msafi, mtoto anatoka na kichocho. Mkaushe maji nyumbani kwa ndoo.

Mdau wa Kirumba

"Mkaushe maji"? Mkuu kiswahili cha kisiwani hicho.

Mdau wa Ukerewe

MCHOTE maji. Simu hii ina akili zake.

Baba wa Capri Point

Sisi tunataka kumwongezea binti kasuku na kobe. Mbwa tunaye, paka tunaye. Huku tumbili nao wanaingia jikoni kila siku, mtoto anauliza kwa nini tusimfuge na mmoja.

Mtu wa mifugo, Ilemela

Mkuu simama hapo. Kobe, tumbili, pimbi na ndege wa porini wote wanaangukia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Ukikutwa naye bila kibali ni kesi, na "nilimwokota" haisaidii sana. Kasuku wa kijivu tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imefungwa kwa wale wanaokamatwa porini, kwa hiyo anayekuuzia mtaani bila karatasi muulize kamtoa wapi. Tumbili mdogo ni mzuri mpaka akomae, kisha anang'ata, na meno yake ni marefu na makali.

Mpeleke binti kisiwa cha Saanane. Ni mwendo mfupi wa boti kutoka hapo mlipo, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013, atawaona pimbi na swala bila kuwalisha. Na mwonyeshe wale kasuku wadogo wa kijani, shingo ya machungwa, mdomo mwekundu, wanaopita kwa makelele juu ya mawe. Ulaya watu wanawafunga kwenye vizimba na kuwanunulia vioo vya kujitazama. Asili yao ni huku kwetu, kusini mwa ziwa. Binti yako anao bure dirishani.

Mleta uzi, Buswelu

Hilo la kasuku hata mimi leo ndiyo nimelijua. Wangu wanakula mapapai juu ya mti na nilikuwa nawarushia mawe.

Tusisahau kuhasi. Paka wangu wote watatu wameshafanyiwa. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au hata chini ya hapo, na akizaa hakai muda anarudi tena. Wapo wanaotia watoto wa paka kwenye boksi na kwenda kuwaacha sokoni, kwamba kwenye samaki wengi hawatakufa njaa. Wanakufa, kwa magari na kwa paka wakubwa wenye eneo lao. Kumfunga kizazi jike mmoja ni rahisi kuliko kutafutia nyumba wajukuu zake.

Mdau wa Buhongwa

Nimesoma wote mpaka chini, shukrani. Swali langu ni fupi. Nina mbwa mmoja, kuku ishirini na kitu, na bata. Nataka kuongeza bata mzinga wawili kwa ajili ya Krismasi, wakae na kuku banda moja. Wataelewana?

Mleta uzi, Buswelu

Kuelewana wataelewana. Ila jirani yako analala saa ngapi? Dume la bata mzinga linajibu kila mlio, honi, adhana, kengele ya kanisa, mtu akikohoa.

Mtu wa mifugo, Ilemela

Banda moja hapana, Buhongwa. Kuku wengi wanabeba vimelea vya ugonjwa wa ini unaoitwa kichwa cheusi bila wao kuumwa. Bata mzinga akivipata kwenye vinyesi vyao anaharisha njano kama kiberiti na anakufa. Hata uwanja uliotumiwa na kuku kwa muda mrefu unakuwa na mayai ya minyoo inayobeba hivyo vimelea. Wajengee sehemu yao, udongo wao, vyombo vyao.

Mdau wa Buhongwa

Banda jipya, uwanja mpya, vyombo vipya, halafu niwachinje Desemba?

Mleta uzi, Buswelu

Kama watoto hawatakuwa wameshawapa majina.

Mdau wa Buhongwa

Ngoja ninunue tu sato.